Kihenge Kitupu na Shamba la Kijani: Kwaresima katika Nyanda za Juu Kusini



Miaka kadhaa iliyopita, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, tulikwenda kusali na Jumuiya Ndogo Ndogo moja katika kigango kilicho mbali na makao ya parokia. Tukawafundisha, kama tulivyozoea kila mwaka, juu ya sala, kufunga na kuwasaidia maskini. Tulipomaliza, mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akaomba kusema neno. Akasema, "Baba, wewe unatuambia tuanze kufunga Jumatano. Sisi huku tumeanza tangu Januari." Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini tulipokuwa njiani kurudi, katika matope ya mwezi wa pili, tulitambua kwamba mama yule hakuwa anatania, na kwamba hatukuwa tumempa jibu lolote.

Anayezijua Nyanda zetu za Juu Kusini anaelewa alichokisema. Mahindi hupandwa mvua za kwanza zinapoanza, mwishoni mwa Novemba na katika Desemba. Huvunwa yakiwa makavu Juni na Julai, na kule kwenye baridi ya Mufindi hata baada ya hapo. Katikati ya kupanda na kuvuna, kihenge hushuka siku kwa siku. Mahindi mengine yamekwisha kuuzwa ili kupata mbolea. Mengine yamekwenda kwenye sare na madaftari ya watoto shule zinapofunguliwa. Ifikapo Februari, mwenye nyumba asiye na uwezo hununua mahindi wakati ambapo bei yake iko juu kuliko miezi yote, au huenda kufanya kibarua cha palizi katika shamba la mwenziwe ili apate debe moja, huku shamba lake mwenyewe likimezwa na magugu. Na wakati wote huo nchi ni ya kijani. Msafiri anayepita barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya mwezi wa Februari anaona neema tupu dirishani. Haoni sufuria.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa mwaka wa Kanisa kwa uangalifu mkubwa: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka, na Dominika za Mwaka zinazojaza nafasi iliyobaki. Lakini vitabu vingi tulivyosoma viliandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Humo, Noeli ni nuru inayozaliwa katika giza la siku fupi za theluji, na Pasaka ni maua yanayochipua baada ya baridi. Hata jina la Kwaresima katika Kiingereza limetokana na neno la kale la majira ya machipuko. Jina letu sisi, lililotoka katika Kilatini, linahesabu siku arobaini tu, wala halisemi lolote juu ya hali ya hewa. Nasi tulihubiri tulivyosoma. Kwa miaka mingi tuliwaambia waamini wetu kwamba Kwaresima ni jangwa, na nje ya dirisha la kanisa mahindi yalikuwa yamepita kimo cha mtu.

Basi tuangalie jinsi mwaka huo wa Kanisa ulivyofika kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Bavaria nchini Ujerumani, walianzisha misheni ya Tosamaganga, si mbali na Kalenga. Ngome ya Kalenga ilikuwa imeangushwa na jeshi la Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na Mtwa Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka kifo chake tarehe 19 Julai 1898. Kwa hiyo Kwaresima za mwanzo kabisa katika Uhehe ziliadhimishwa katika nchi iliyojeruhiwa na vita, ambako maghala yalichomwa moto na mifugo ilichukuliwa. Watu walioombwa wajinyime chakula kwa ajili ya Mungu walikuwa wamekwisha kunyimwa chakula na wanadamu.

Haukupita muda mrefu, ikaja Vita ya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Askofu Cassian Spiss, ambaye Vikarieti yake ya Dar es Salaam iliihusisha pia Iringa, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 katika njia ya Liwale, mkesha wa Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliosafiri naye. Jambo hilo husimuliwa mara kwa mara katika Kanisa letu la kusini, na ni haki lisimuliwe. Lakini lipo lingine lisilosimuliwa sana makanisani: katika kuizima vita ile, majeshi ya serikali ya kikoloni yalichoma mazao na maghala kwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Njaa iliyotengenezwa na watu haina thawabu ya mfungo ndani yake, na anayehubiri Kwaresima kusini mwa Tanzania hana budi kulikumbuka hilo kabla hajafungua kinywa.

Baada ya Waingereza kuiteka Iringa mwezi Agosti 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Konsolata, Waitaliano waliokuwa wakifanya kazi Kenya, na mwaka 1922 Iringa ikawa Prefektura ya Kitume chini ya Monsinyori Francesco Cagliero. Upande wa Mbeya, ambako ndugu zetu Wamoraviani na Walutheri walikuwa wamekwisha kufika tangu mwaka 1891, Misheni ya Tukuyu iliundwa mwaka 1932 na kukabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1949 ikawa Vikarieti ya Mbeya. Kisha Mbeya na Iringa zote mbili zikafanywa majimbo kamili siku moja, tarehe 25 Machi 1953, Sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 5 Aprili; kwa hiyo majimbo yetu yalizaliwa ndani ya Kwaresima, katika miezi ile ile ya kihenge kitupu.

Wajerumani, Waitaliano, Waholanzi: wote walikuja na vitabu vya Misa walivyokuwa navyo, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Hata hivyo vitabu vile vilileta mambo ambayo leo yanatufanya tutabasamu. Kitabu cha Kirumi cha wakati ule kiliagiza maandamano ya litania tarehe 25 Aprili, na mengine katika siku tatu kabla ya Kupaa Bwana. Desturi hiyo ya siku tatu ilianzishwa na Mtakatifu Mamerto, Askofu wa Vienne katika Ufaransa ya leo, karibu mwaka 470, mji wake ulipopatwa na maafa. Baadaye Wakristo wa Ulaya waliitumia kuombea mashamba yaliyokuwa yanaanza kuchipua. Lakini mkulima wa Kilolo au wa Mbozi, tarehe 25 Aprili, anaomba nini? Mahindi yake yamekomaa na yanangoja jua. Akimsikia padre anaomba mvua inyeshe shambani, yeye moyoni anaomba ikome.

Hapo ndipo kwa muda mrefu tulidhani kwamba kazi yetu ilikuwa kuurekebisha mwaka wa Kanisa ili ulingane na Afrika, kama mtu anayekata suruali ya mgeni. Siku moja, tulipokuwa tukiandaa mahubiri ya Majilio, tukatambua kwamba tumekuwa tukilitazama jambo hili kinyumenyume.

Mwaka wa Kanisa haukuanzia Ulaya. Mizizi yake iko katika Palestina, nchi ya Bwana wetu. Huko mvua huanza Oktoba au Novemba, hunyesha katika miezi ya Desemba, Januari na Februari, na hukoma Aprili; kuanzia Mei mpaka Septemba karibu hainyeshi kabisa. Wakulima wa Biblia walilima na kupanda mvua za kwanza zilipoilainisha ardhi, wakavuna mvua zilipokwisha. Wapendwa, hiyo si mvua ya Bavaria wala ya Torino, ambako hunyesha miezi yote. Hiyo ni mvua ya Iringa na Mbeya! Biblia yetu ya Kiswahili inapozitaja mvua hizo (Kum 11:14) imetumia majina ya vuli na masika, kwa kuwa watafsiri waliwaza nchi za pwani zenye misimu miwili iliyotengana. Lakini Waisraeli walikuwa na msimu mmoja mrefu, wenye mvua za kuufungua na mvua za kuufunga, kama ulivyo msimu wetu. Mzee wa Kihehe ambaye hakuwahi kuona ramani ya Palestina alikuwa karibu zaidi na shamba la nabii Isaya kuliko mmisionari aliyemfundisha jina la nabii huyo.

Tukisoma hivyo, mambo mengi yanakaa mahali pake. Katika Majilio Kanisa huimba maneno ya Isaya ya kuziomba mbingu zidondoshe haki na nchi ifunguke ili wokovu uchipuke (Isa 45:8). Huko kaskazini, wimbo huo huimbwa ardhi ikiwa imegandishwa na barafu. Uzuri wake unabaki, lakini ni lazima ufafanuliwe. Kwetu sisi hakuna cha kufafanua. Dominika ya kwanza ya Majilio mkulima amekwisha kulima, mbegu iko ndani ya nyumba, na kila jioni anatoka nje kuangalia mawingu. Yeye anajua kungoja ni nini: si kukaa bure, kwa maana asiyetayarisha shamba, mvua ikija haimfai kitu.

Kisha tazama Pasaka. Sheria ya Musa iliagiza kwamba baada ya Pasaka mganda wa kwanza wa mavuno upelekwe mbele ya Bwana, na kwamba mtu asile nafaka mpya, wala mbichi wala ya kukaanga, mpaka mganda huo utolewe. Zihesabiwe siku hamsini, ndipo iadhimishwe sikukuu ambayo sisi tunaiita Pentekoste, kwa kutoa mikate ya ngano mpya (Law 23:10-17). Mganda ule wa kwanza ulikuwa wa shayiri, nafaka inayotangulia kukomaa. Na siku za kabla ya shayiri zilikuwa siku gani? Zilikuwa miezi ya kihenge kitupu, shamba likiwa la kijani. Naomi, aliyekuwa ameihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa, alirudi pamoja na Ruthu mwanzoni mwa mavuno ya shayiri (Rut 1:22), na mwandishi mtakatifu analitaja jambo hilo kwa sababu wasomaji wake walijua maana yake: sasa watakula. Nao wanafunzi wa Yesu waliopita mashambani wakivunja masuke (Mk 2:23) walikuwa na njaa ya kweli, Mathayo anasema hivyo waziwazi.

Katika sehemu nyingi za kwetu, mahindi mabichi ya kwanza huanza kupatikana Machi na Aprili. Watoto wanajua siku hiyo bila kalenda. Moshi wa mahindi ya kuchoma unapopanda juu ya nyumba, nyumba hiyo imevuka. Na siku hamsini baadaye, tunapoiadhimisha Pentekoste katika baridi ya Mei na Juni, mabua yamekauka na magunia yanatafutwa. Hatusemi kwamba Mungu alipanga mahindi, mmea uliotoka Amerika, yafuate hesabu ya Walawi. Tunasema tu kwamba waamini wetu wanaweza kuisoma Pasaka katika miili yao, jambo ambalo profesa wa liturujia lazima alisome katika kitabu.

Hatutaki kutia chumvi. Nyanda hizi si shamba moja. Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima na ndizi hazingoji Pentekoste. Usangu wanasubiri mpunga. Mjini Mbeya wapo waamini wetu wengi wanaonunua unga dukani kwa kilo na hawajui kihenge kinafananaje. Tena ipo ugumu wa upande mwingine, ambao wenzetu wa Iringa wanaufahamu vizuri kuliko sisi tunaohubiri: ulanzi. Mianzi hugemwa katika miezi ya mvua, na hutoa kwa wingi Kwaresima inapokuwa katikati. Kumwambia mzee aache ulanzi mwezi Machi ni kumwomba kitu kikubwa kuliko kumwambia aache nyama, ambayo huenda hajaionja tangu Noeli. Wazee waliotushinda kwa hoja juu ya jambo hili ni wengi. Tumeacha kubishana nao juu ya nyama, tunabishana juu ya ulanzi, na huko ndiko mfungo wao ulipo.

Turudi kwa mama wa kigangoni. Je, Kanisa lilikuwa na jibu kwa ajili yake? Lilikuwa nalo, na sisi ndio tuliolisahau. Katika karne ya tano Papa Leo Mkuu aliwafundisha Warumi tena na tena kwamba mfungo usioishia katika mikono ya maskini haujakamilika. Kile ambacho mmoja anajipunguzia mezani kimekwisha kuwa chakula cha mwingine. Kabla yake nabii Isaya alisema hivyo hivyo, kwa ukali zaidi (Isa 58:6-7). Na Kanisa lenyewe limekuwa likiilegeza kamba ya sheria ya kufunga kila lilipoona inamkaba mtu asiyestahili kukabwa. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1953, aliyetaka kukomunika hakuruhusiwa hata tone la maji tangu usiku wa manane, awe amelala jirani na kanisa au ametembea kilometa kumi na tano kutoka kigangoni. Mwaka 1953 Papa Pius XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 mfungo huo ukawa wa saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja.

Papa huyo huyo, mwezi Februari 1966, alitoa hati juu ya toba iitwayo Paenitemini. Humo siku za lazima za kufunga zilibaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Lakini lenye uzito kwetu ni hili: alitofautisha kati ya nchi zenye neema na nchi za watu wenye dhiki. Wenye neema aliwataka wajinyime na kutoa. Wenye dhiki aliwataka waiunganishe taabu yao na mateso ya Kristo, hali wakitafuta pia haki na maisha bora. Na mwaka 1969, kalenda mpya ya Kirumi ilipotolewa, zile siku za kuombea mashamba ziliachwa mikononi mwa mabaraza ya maaskofu, ili kila nchi iziweke wakati unaoifaa. Ndiyo maana leo tunaweza kubariki mbegu Novemba, wala hakuna anayelazimika kuombea mvua siku ambayo hakuna anayeitaka.

Tatizo letu sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni kwamba nchi yenye neema na nchi yenye dhiki ziko katika kijiji kimoja, na mara nyingine zinatenganishwa na ua wa matete. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimejulikana kwa miongo mingi kama mikoa minne inayolilisha taifa. Malori ya mahindi huondoka kwetu kwenda Dar es Salaam, Dodoma na hata nje ya nchi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Iringa ukiongoza nchi nzima kwa udumavu: zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa takriban 30 katika kila 100. Njombe na Rukwa zilifuatia. Tumeyasoma maneno haya tukaona haya. Wataalamu wanatueleza kwamba si upungufu wa mahindi peke yake: mtoto hupewa uji na ugali bila maharage, yai wala mboga, na mama yake anashinda shambani miezi ile ile ya palizi, mtoto akiachwa na dada yake mdogo mpaka jioni. Maana yake ni kwamba Kwaresima, ambayo sisi tunaihubiri kama zoezi la kiroho la watu wazima, huacha alama katika mifupa ya watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kufunga.

Kwa hiyo swali la mama yule halikuwa la kujibiwa na yeye. Sheria ya Kanisa haikumdai mfungo zaidi ya ule aliokuwa nao. Lilikuwa la kujibiwa na wale waliokuwa wameketi mbele, wenye vihenge ambavyo Februari bado vina mahindi ya kungojea bei, na la kujibiwa na paroko wao aliyerudi nyumbani akakuta chakula mezani.

Tangu mwaka ule, parokiani kwetu mchango wa Kwaresima hutolewa kwa nafaka kwanza, fedha baadaye, nao hugawiwa kabla ya Dominika ya Matawi, wakati unapohitajika, si baada ya Pasaka wakati mahindi mabichi yamekwisha kufika. Mwaka wa kwanza tulikosea: tulikusanya mahindi mengi na kunde kidogo mno, tena tuliwaita wahitaji mbele ya kanisa siku ya Dominika, nao wengi hawakuja. Mama yule naye hakuja.

Mwaka huu viongozi wa jumuiya zote wabaki kanisani Jumatano ya Majivu baada ya Misa ya jioni. Mahindi yaletwe yakiwa makavu na yamepukuchuliwa. Lakini maharage, karanga na dagaa vinahitajika zaidi, hasa kwa nyumba zenye watoto ambao hawajaanza shule. Wenye nguvu ya kujitolea siku moja ya palizi katika shamba la mgonjwa au mjane wajiandikishe kwa katekista wa kigango. Ugawaji utafanywa jioni, nyumba kwa nyumba, na orodha ya watakaopokea haitasomwa madhabahuni.